Ajali Haina Kinga: Rambirambi, Fidia na Vidole vya Babu

Mwezi uliopita nilikuwa msibani, mtaa wa pili kutoka ninapoishi. Marehemu alikuwa kijana wa miaka 24, saidia fundi, aliyeanguka kutoka ghorofa ya tatu ya jengo linaloendelea kujengwa, akiwa na ndoo ya zege begani. Hakuwa na mkanda wala kofia ngumu. Miguuni alivaa kandambili. Baada ya maziko, msimamizi wa ujenzi alisimama mbele ya turubai, akavua kofia yake, akasema maneno machache ya heshima, kisha akamkabidhi mjomba wa marehemu bahasha. "Ndugu zangu," alimalizia, "ajali haina kinga." Watu wakaitikia kwa vichwa. Nami, ambaye hulipwa mshahara kwa kufundisha historia ya wafanyakazi, niliitikia pamoja nao.

Tangu siku hiyo sijatulia. Methali ile inamfaa mtu aliyeumwa na nyoka njiani au aliyeangukiwa na tawi la mwembe. Kiwandani na kwenye ujenzi, hata hivyo, neno kinga lina maana nyingine, maana ya chuma na kamba: ni wavu unaofunika mkanda wa mashine, ni uzio wa kumzuia mtu ukingoni mwa sakafu isiyo na ukuta, ni mkanda unaomfunga kiunoni anayefanya kazi juu. Sheria ya Viwanda ya Tanganyika ya mwaka 1950 ilimwagiza mwenye mashine azibe sehemu zake za hatari, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi yake, inaendeleza wajibu huo. Kwa lugha ya sheria, basi, ajali imekuwa na kinga nchini mwetu kwa zaidi ya miaka 70, na msimamizi yule alikuwa amesema uongo mbele ya kaburi bila yeye mwenyewe kujua.

Neno la pili lililonisumbua halikutamkwa, lakini lilikuwamo ndani ya bahasha: rambirambi. Rambirambi ni mali ya hisani. Anayeitoa huamua kiasi, na anayeipokea hushukuru. Kuuliza kwa nini ni laki tatu na si milioni tatu ni utovu wa adabu. Fidia ni deni. Ina kiwango, ina muda wake, na anayestahili kulipwa haombi, anadai. Kulitenga neno hili na lile kulichukua miaka mingi na kuligharimu viungo vya watu wengi, na sehemu ya historia hiyo imepita katika familia yangu.

Sheria yetu ya fidia ilikuja na meli, hivyo sina budi kuanzia ilikotoka. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1837 nchini Uingereza, mtumishi wa muuza nyama, Charles Priestley, alimshitaki bwana wake, Thomas Fowler. Gari la kukokotwa alilopanda kikazi lilikuwa limezidishiwa mzigo. Lilivunjika, naye akavunjika paja. Jopo la raia lililosikiliza kesi lilimpa pauni 100, lakini mahakama ya juu ikazifuta. Hoja ya majaji ilikuwa kwamba Priestley aliijua hali ya gari lile sawa na bwana wake, pengine kumzidi, na kama aliona limezidiwa angekataa kulipanda. Wanafunzi wangu huicheka hukumu hii kila mwaka. Kisha huwauliza ni mara ngapi wamesikia ikisemwa juu ya kibarua aliyeumia: nani alimlazimisha? Darasa hunyamaza.

Kwa karibu miaka 60 baada ya hapo, mfanyakazi wa Uingereza aliyeumia alibebeshwa mzigo wa kuthibitisha kwamba kosa lilikuwa la mwajiri, na si lake wala la mwenzake wa kazini. Wengi walishindwa. Sheria ya mwaka 1897 ndiyo iliyobadili msingi: katika kazi kadhaa za hatari, mwajiri angelipa fidia kwa kuwa tu mtu ameumia akiwa kazini mwake, bila kujadili uzembe wa nani. Miongoni mwa kazi zilizotajwa ni reli, viwanda, migodi, na ujenzi au ukarabati wa majengo yanayozidi futi 30 kwenda juu, pale panapotumika majukwaa ya kusimamia. Futi 30 ni kama mita tisa. Ni hapo hapo ghorofa ya tatu, alipoanguka kijana wa mtaa wa pili.

Wajerumani waliwatangulia Waingereza kwa miaka 13. Mwezi Julai 1884 serikali ya Bismarck ilipitisha sheria ya bima ya ajali kazini. Waajiri waliunganishwa katika vyama kwa kadiri ya sekta zao, wakachangia wao peke yao, na mfanyakazi aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi akalipwa theluthi mbili za ujira wake. Kilichofuata kinanivutia kuliko sheria yenyewe. Vyama hivyo vya matajiri vilianza vyenyewe kutunga kanuni za kinga za mashine na kutuma wakaguzi viwandani, kwa sababu kila mkono uliokatika ulikuwa sasa unatoka mfukoni mwao. Bismarck hakuwa rafiki wa wafanyakazi; chama chao cha kisoshalisti alikuwa amekipiga marufuku tangu 1878.

Miezi minne tu baada ya sheria ile kupita, Novemba 1884, Carl Peters alishuka pwani yetu na karatasi zake za mikataba, akapita Uzigua, Unguu, Usagara na Ukami akiwawekesha watemi alama. Dola iliyomfuata ilileta bendera, bunduki, kodi na shule. Bima ya ajali haikuteremshwa melini kwa ajili ya watu wa Tanga.

Na Tanga ndiko mashine zilikoelekea. Mwaka 1893 Daktari Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, zao ambalo asili yake ni Mexico. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kufikia 1913 koloni lilikuwa likiuza nje takriban tani 20,000 za singa kwa mwaka. Vitabu vya shule vinatuambia kiasi hicho na kuishia hapo. Havituambii kwamba jani la mkonge lina mwiba nchani unaolingana na jicho la mkataji anayeinama, wala kwamba maji yake huwasha ngozi hadi ikatoka malengelenge. Na havisemi lolote kuhusu mashine. Jani zima halitoi singa zaidi ya sehemu tatu au nne katika mia ya uzito wake. Zilizobaki ni nyama na maji vinavyopaswa kupondwa na kukwanguliwa. Mashine za mwanzo zilikuwa gurudumu lenye mapanga butu linalozunguka kwa kasi. Mtu alishika jani mkononi, akalisukuma ndani hadi nusu, akalivuta, akaligeuza, akaisukuma nusu ya pili. Alifanya hivyo kutwa nzima, mikono imelowa utelezi wa mkonge. Baadaye ikaja mashine kubwa iliyoitwa korona, iliyoyabana majani kwa kamba au minyororo na kuyapitisha yenyewe mbele ya mapanga. Korona ilipunguza hatari ya kiganja kuingia, lakini haikuiondoa, kwa kuwa bado palihitajika watu wa kuyapanga majani mezani kwa haraka iliyoamuliwa na mashine.

Hapa ndipo anapoingia Babu.

Alitoka Kasulu mwaka 1952, kijana ambaye hajaoa, akaandikishwa na wakala wa SILABU. Hiyo ilikuwa ofisi ya kutafuta wafanyakazi, iliyoanzishwa mwaka 1944 na umoja wa wenye mashamba ya mkonge. Vita vilikuwa vimeifanya singa kuwa mali adimu: Wajapani walipotwaa Java na Ufilipino mwaka 1942, kamba za meli za washirika zilitegemea Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni ilifika hadi kuwapeleka watu mashambani kwa lazima. Vita vilipokwisha lazima iliondoka, SILABU ikabaki, ikisomba watu kutoka Uha, Ubena, Songea na hata Ruanda-Urundi. Waliosafiri hivyo waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Babu aliikumbuka yake hadi siku zake za mwisho. Alisahau majina ya baadhi ya wajukuu, lakini namba ile aliitaja bila kusita, kwa Kiswahili cha kambini, kama mtu anayejibu jina kwa mnyapara.

Mwaka wake wa pili aliwekwa kwenye meza ya korona. Asubuhi moja mnyororo ulimvuta mkono wa kulia pamoja na jani. Mwenzake aliwahi kupiga kelele, mashine ikazimwa, na Babu akabaki na gumba na vidole viwili. Shamba sitalitaja, lilishabadili wamiliki mara kadhaa, na waliokuwapo wametangulia mbele ya haki.

Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kama alilipwa. Alijibu kwamba meneja, Mzungu mwenye roho nzuri, alimwonea huruma. Alimwita ofisini mkono ukiwa bado umefungwa, karani akamwekea karatasi, akabonyeza gumba lake lililosalia kwenye wino, akapewa shilingi kadhaa na kuhamishiwa kazi ya kuanika singa mpaka mkataba wake uishe. Meneja alimwambia, kwa mdomo wa karani, kwamba ajali haina kinga. Babu alimwombea dua mtu yule maisha yake yote.

Niliposomea shahada yangu ya uzamivu ndipo nilipotambua kitu kilichonikosesha usingizi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, iliyokuja kujulikana kama Sura ya 263, ilitungwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1940. Babu alipoumia ilikuwa inafanya kazi. Karatasi aliyoibonyeza gumba kwa uwezekano mkubwa ilikuwa hati ya fidia, na fedha alizopewa, kama zilitimia, zilikuwa haki yake. Alikufa akiamini kwamba alifadhiliwa. Deni lililipwa kwa sura ya sadaka, na aliyelilipa akavuna dua.

Ndiyo maana nikiwafundisha wanafunzi sheria ile huanza na jedwali lake la viungo. Mikono miwili ni asilimia mia moja. Macho mawili, mia moja. Gumba lina thamani kuliko kidole cha shahada, na cha shahada kuliko kidole kidogo. Wanafunzi hushtuka kuona mwili wa binadamu umeorodheshwa kama nyama buchani. Nami zamani nilishtuka. Siku hizi nawaambia watazame vizuri, kwa kuwa kabla ya jedwali kidole cha manamba hakikuwa na bei yoyote, na kisicho na bei kwa tajiri hakiingii katika hesabu zake za mwaka. Kinachostahili hasira ni kilichofichwa pembeni mwa jedwali: asilimia hizo zilipigwa kwa ujira wa aliyeumia. Mwenye mshahara wa manamba alikuwa na kidole cha bei ya manamba. Gumba la karani na gumba la mkata mkonge yaligawanywa na hesabu hiyo hiyo, ingawa yote mawili hushika kijiko.

Sheria nayo haiwezi kujisomea yenyewe kambini. Lazima pawepo mtu wa kuisoma kwa sauti. Idara ya Kazi ya Tanganyika iliundwa mwaka 1926 chini ya Meja Orde-Browne, ikavunjwa 1931 mdororo wa uchumi ulipobana. (Watumishi wa umma wanaonisoma watatambua mtindo: fungu la ukaguzi ndilo la kwanza kukatwa.) Ilirudishwa baadaye, lakini wakaguzi wachache na magari machache hawakuweza kuyazunguka mashamba yaliyotapakaa toka Tanga hadi Lindi. Wasomaji wa sauti wa kweli wangekuwa vyama vya wafanyakazi, vilivyopata nguvu baada ya kuundwa kwa shirikisho la TFL mwaka 1955. Chama cha wafanyakazi wa mashambani kilikuwa miongoni mwa vikubwa zaidi. Kiongozi wake, Victor Mkello, mwaka 1963 aliondolewa na serikali huru akapelekwa Sumbawanga, na mwaka uliofuata TFL ikafutwa, ikazaliwa NUTA chini ya mbawa za serikali. Nawafahamu wenzangu wanaoitetea hatua ile kwa hoja ya umoja wa taifa changa, na sidharau hofu za wakati huo. Lakini mtu wa kumwambia manamba kwamba hii ni haki yako, usimshukuru mtu, alitoweka.

Sheria yenyewe ilibaki, na huu ndio ukurasa wa aibu ambao si wa mkoloni. Uhuru uliikuta Sura ya 263, tukaishi nayo kwa miongo karibu mitano zaidi. Vikomo vya malipo vilivyoandikwa ndani yake kwa shilingi viliachwa vikaliwa na mfumuko wa bei. Ilipofikia uzee wake, kiwango cha juu kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000, na kwa kifo shilingi 83,000. Nimeyaandika mafungu haya ubaoni mara nyingi, na kila mara huna budi kuyasoma mara mbili. Kwa fedha ya mwanzoni mwa karne hii, laki moja na elfu nane haikumtosha mwanafunzi wa chuo kwa chakula na chumba cha miezi miwili. Na aliyekufa alikuwa rahisi kuliko aliyelemaa. Kwa viwango hivyo, ni mwenye kampuni gani angenunua mikanda ya usalama? Kiasi hicho kilikuwa kimerudi kuwa rambirambi, tofauti ikiwa ni muhuri tu.

Mabadiliko yalikuja na Sheria Na. 20 ya mwaka 2008, iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nao ukaanza kukusanya michango Julai 2015. Msingi wake ni ule ule wa mwaka 1884: waajiri wanachangia, mfanyakazi hakatwi, na hakuna mjadala wa nani mzembe. Mwanzoni sekta binafsi ilitozwa asilimia moja ya mishahara na sekta ya umma nusu asilimia. Baadaye binafsi nayo ikashushwa hadi nusu. Mfuko hulipa matibabu, pensheni ya kila mwezi kwa aliyelemaa sana, na pensheni kwa wategemezi wa marehemu. Ni maendeleo makubwa, na nayasema bila kinyongo, maana katika kazi yangu ya uhakiki ni rahisi kusahau kusifu.

Ila mchango hupigwa kwenye orodha ya mishahara, na kijana wa mtaa wa pili hakuwa kwenye orodha yoyote. Mwenye jengo alimpa kazi mkandarasi. Mkandarasi akamwita fundi mkuu. Fundi mkuu akawaita mafundi. Kila fundi akaja na saidia wake, ambaye hulipwa jioni mkononi. Muulize kijana huyo mwajiri wake ni nani, atakutajia fundi anayeishi naye chumba kimoja. Sheria haimkatai mtu wa namna hii. Daftari ndilo lisilomjua. Babu angalau alikuwa na namba. Ilikuwa alama ya unyonge wake, lakini siku alipokatika vidole karani aliweza kufungua kitabu na kumpata.

Nisijifanye malaika. Nyumba ninamoandikia makala hii ilijengwa na vijana wanne waliovaa kandambili, wakipandisha zege kwa ngazi ya mirunda niliyoinunua mimi mwenyewe kwa sababu ilikuwa nafuu. Mmoja alikanyaga msumari. Nilimpa elfu ishirini na kumwambia pole, na nilijiona mwema.

Siku ya tatu ya msiba nilimfuata mama wa marehemu, nikamweleza kwamba huenda kuna haki inayodaiwa, tukiweza kumpata mwajiri kisheria. Alinitazama kwa muda. "Mwalimu," alisema, "yule baba wa watu amekuja mwenyewe mpaka hapa, amekaa na sisi mkekani. Nikamshitaki tena?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimweleza habari za Babu, taratibu, pamoja na ile karatasi ya gumba. Hakusema ndiyo wala hapana. Alimwita kaka wa marehemu akamwambia anisindikize kwenye jengo.

Kanuni zinataka kila eneo la ujenzi liwe na bango linalomtaja mwenye mradi, mbunifu na mkandarasi pamoja na namba yake ya usajili. Tulilikuta limesimama uzioni. Jina la mwenye mradi lilisomeka, la mbunifu pia. Mstari wa mkandarasi ulikuwa umepakwa rangi nyeupe, na rangi ilikuwa bado mbichi. Kaka yake alitoa simu akaupiga picha, mlinzi akatuambia tuondoke. Jumatatu tunakwenda ofisi ya kazi na picha hiyo.